Ultrasaundi ya mkononi baada ya miaka miwili: picha ni safi, leseni na bima ndizo zilizotufunga

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye hospitali ndogo ya umma katika nchi ya kipato cha chini. Kazi yangu ni kuhakikisha oksijeni inatoka, taa za chumba cha upasuaji zinawaka, jokofu la chanjo halipandi joto, na mashine za vipimo zinapima. Hii ultrasaundi ya mkononi nimeihudumia tangu siku tuliyoitoa kwenye boksi, miaka miwili na miezi kadhaa iliyopita. Mafundi wa hospitali nyingine wananipigia kuniuliza, "Fundi, tuinunue?" Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja. Jina la kampuni silitaji. Nimesoma masharti ya kampuni tatu zinazouza mashine za aina hii, yanafanana kama mapacha, na nikitaja moja watu watakimbilia nyingine wakidhani wamepona.

Nianze na mashine yenyewe, maana inastahili sifa na sitaki uchungu wangu uzifiche. Ni probu moja (kile kishikio kinachowekwa juu ya mwili ili kupiga picha) yenye ukubwa wa mashine ya kunyolea nywele, inachomekwa kwenye tableti. Haina mkokoteni wala feni ya kuvuta vumbi, wala hulazimiki kuisubiri ipate moto. Ukiwasha, ndani ya nusu dakika una picha. Probu hiyo moja inafanya kazi ambazo kwenye mashine yetu ya zamani zinahitaji probu tatu: unagusa skrini, inahama kutoka tumbo kwenda kwenye moyo, kutoka kwenye moyo kwenda kwenye mishipa. Betri ya tableti inamaliza kliniki nzima ya wajawazito. Probu imeshaanguka sakafuni mara mbili ninazozijua mimi, ikaokotwa na kuendelea na kazi. Udhaifu wake uko kwenye kebo, pale inapoingia kwenye probu, kwa sababu inakunjwa hapo siku nzima. Wiki ya kwanza tu niliivisha mpira wa kuikaza na mpaka leo haijakatika.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe ultrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwetu pendekezo hilo lilikuwa halitekelezeki. Mashine ya zamani iko kwenye chumba kimoja, jengo jingine kabisa, na aliyesomea kuitumia ni mmoja. Akiondoka, chumba kinafungwa. Hii ya mkononi ilikwenda yenyewe kwa mgonjwa. Wakunga watatu walifundishwa kwa wiki mbili: kuangalia kama mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi, kuhesabu watoto, kuona moyo unapiga, kupima kichwa ili kukadiria umri wa mimba, na kutafuta kondo la nyuma limekaa wapi. Mkunga wetu mkuu ni mama wa makamo ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amesikiliza mioyo ya watoto kwa fetoskopu, sikio limebana tumboni. Siku ya nne ya mafunzo aliweka probu kwa mama mmoja, akanyamaza, akaihamisha upande wa pili, akanyamaza tena, kisha akaniita kutoka mlangoni: "Fundi, njoo. Wako wawili." Kwa mikono yake alikuwa ameshashuku tangu mwezi uliopita. Lakini kuwaona, vichwa viwili, mioyo miwili inadunda kwenye skrini, kulimfanya akae kitini. Mama yule alipangiwa kujifungulia hospitali ya rufaa, wala hakusubiri uchungu umkute nyumbani.

Kwa hiyo mtu asije akasoma haya akadhani nasema kifaa ni kibaya. Kifaa ni kizuri mno. Shida ni kwamba hatukununua kifaa.

Kwenye hati ya manunuzi iliandikwa "mashine 1, leseni ya mwaka 1". Sote tulisoma "mashine 1", tukaweka sahihi. Masharti ya leseni yana kurasa 31, kwa Kiingereza, herufi ndogo. Niliyasoma baadaye, mara mbili, kwa kamusi. Yanasema programu iliyo ndani ya probu na tableti haiuzwi. Mnunuzi anaruhusiwa tu kuitumia. Ruhusa ni ya mwaka mmoja mmoja. Ruhusa ni kwa nchi ile kifaa kilikosajiliwa. Kila baada ya siku 30 tableti lazima iwasiliane na seva (kompyuta kuu) ya kampuni ihakikiwe. Mtu asiyeidhinishwa na kampuni haruhusiwi kukifungua kifaa wala kugusa programu. Na ugomvi wowote utaamuliwa na mahakama za nchi ya mtengenezaji.

Sharti la siku 30 ukilisoma mjini ni jepesi. Kwetu maana yake ni hii: naiwekea tarehe alama, naamka saa kumi alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, nabeba tableti hadi kwenye kilima chenye tenki la maji la hospitali, pale ambapo alama za mtandao zinafika mbili. Nasimama nimeinyanyua. Kuhakiki peke yake kunachukua dakika chache, ila mara kwa mara seva inakataa kuhakiki mpaka usasishe programu kwanza, na sasisho moja lilikuwa na ukubwa unaozidi gigabaiti moja. Hilo lilinichukua alfajiri tatu. Asubuhi ya pili lilifika asilimia 94, mtandao ukakatika, likaanza upya kutoka sifuri. Muda wote huo probu ilikuwa nzima, betri nzima, na wajawazito wamekaa kwenye mabenchi.

Kisha ukafika usiku wa siku ya 366.

Nilipigiwa simu saa saba usiku. "Fundi, mashine imegoma." Nilikimbia na mfuko wangu wa bisibisi nikidhani kebo hatimaye imekatika. Nilipofika, skrini ilikuwa inang'aa vizuri. Betri asilimia 81. Katikati, kwenye mstatili mweupe, maneno mawili matatu ambayo nikiyatafsiri ni haya: leseni ya kifaa hiki imekwisha, tafadhali wasiliana na msimamizi wa akaunti yako. Msimamizi wa akaunti ni mimi. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kulipa. Cha dharura hakikuwepo. Hakikuwepo cha kuomba saa 24, wala cha kutumia picha bila vipimo. Mashine haikupungua uwezo, ilijifunga.

Kitandani alikuwepo mama wa mimba ya wiki ya 34, anatokwa damu, haumwi tumbo. Wakunga wanajua kanuni ya kwanza hapo: usimpime kwa vidole mpaka ujue kondo la nyuma liko wapi, kwa sababu likiwa limeziba mlango wa uzazi, kidole kinaweza kufungulia damu isiyozuilika. Ultrasaundi ndiyo inayokuambia, na ni kazi ya dakika kumi. Mtaalamu wetu wa picha alikuwa masomoni, chumba cha mashine ya zamani kimefungwa. Mkunga mkuu aliniangalia, akaangalia tableti, akasema, "Basi andaa gari." Mama alisafirishwa usiku ule kwa muda wa saa tatu kwenye barabara mbovu, dripu mbili, muuguzi mmoja pembeni. Kondo lilikuwa limekaa chini kweli. Alipasuliwa, akapona, na mtoto akapona. Nashukuru. Lakini zile saa tatu za barabarani hazikuwa na sababu yoyote ya kitabibu, na mimi ndiye niliyesimama nimeshika kifaa kizima mkononi kisichotaka kunisikiliza.

Asubuhi nilikwenda kulipa. Ada ya mwaka ni kama mshahara wangu wa miezi miwili. Hospitali ilikuwa imekwishaitenga. Fomu ya malipo inataka kadi na anwani, na anwani inachaguliwa kwenye orodha ya nchi. Nilipitisha kidole kwenye orodha ile mara tatu. Nchi yetu haimo. Nilijaribu kadi ya mhasibu kwa kuacha nafasi ile wazi, ikakataa. Niliandika barua pepe kwa kampuni. Baada ya siku tisa walinijibu kwa heshima kuwa eneo letu halihudumiwi kwa sasa. Msambazaji aliyetuuzia, aliye nchi nyingine, hakupokea simu. Hela tulikuwa nazo, kifaa tulikuwa nacho, tulichokosa ni mstari wetu kwenye orodha. Kikundi cha wahisani wa ng'ambo kilichotusaidia kununua mashine ndicho kilicholipa, kwa kadi yao na anwani yao. Tulikaa siku 17 bila ultrasaundi wodini.

Mwenzangu mmoja aliniambia tumepata bahati mbaya tu. Sikubaliani naye. Ukishaikodi programu, kuna mtu mbali ambaye kalamu yake inaweza kuizima. Oktoba 2019 Adobe ilitangaza kufunga akaunti za watumiaji wote walioko Venezuela ili kutii amri ya vikwazo ya Marekani, na ikarudi nyuma mwezi huohuo baada ya kupata kibali. Hizo ni programu za picha na michoro. Uamuzi kama ule ukiangukia kifaa cha wodi ya wazazi, anayeulipia hajui hata kama umetolewa.

Wengine hudhani ni suala la sheria, na kwamba sheria zinatulinda. Ni kweli kwamba nchi zenye maendeleo duni kabisa zimepewa muda na Shirika la Biashara Duniani, hadi tarehe 1 Julai 2034, kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa hakimiliki na hataza (haki za uvumbuzi). Lakini kufuli la mashine yangu haliko mahakamani. Liko kwenye seva, na seva haijui kitu kinachoitwa muda wa nyongeza. Hata huko Marekani, Oktoba 2021, mafundi waliruhusiwa rasmi kupita kufuli za programu ili kutengeneza vifaa tiba vilivyonunuliwa kihalali. Ruhusa hiyo haimruhusu mtu kutengeneza na kusambaza zana ya kupitia kufuli. Fundi ameambiwa mlango anaweza kuufungua, na anayechonga funguo amebaki amekatazwa. Kama mwenzangu wa kule mwenye maabara nzima bado anahangaika, mimi wa kilima cha tenki la maji nitasema nini?

Sasa niingie kwenye bima, maana hapa ndipo mambo yalipofungana.

Wahisani walitaka mashine ikatiwe bima ya miaka mitatu, na nawaelewa. Hakuna anayependa kuona mchango wake unaungua. Tulikata. Tukalipa ada kwa wakati, mwaka wa kwanza na wa pili. Mkataba unalipia moto, wizi, kuanguka na hitilafu ya umeme. Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoihitaji zaidi. Mwezi wa tano wa mwaka wa pili, umeme ulikatika mchana, uliporudi ukarudi kwa nguvu, ukapita kwenye chaja ya tableti. Stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza nguvu za umeme, ilikuwepo. Mtu alikuwa amechomeka chaja kwenye soketi ya pembeni yake. Harufu ya plastiki iliyoungua niliisikia kabla sijafika mlangoni.

Probu ilikuwa nzima. Tableti haikuwaka. Nilijua, kwa uzoefu tu, kuwa imeungua sehemu ndogo ya kuchajia na kwamba ningeweza kuibadilisha. Lakini mkataba wa bima una masharti: hasara itaripotiwa ndani ya siku 7, kifaa kitakaguliwa na wakala aliyeidhinishwa na mtengenezaji, mtu mwingine yeyote akikifungua, bima haitalipa. Kwa hiyo sikugusa. Nilikiweka kwenye boksi, nikakifunga kwa utepe, nikaandika tarehe, nikaenda kwenye ofisi ya bima siku ya pili yake.

Kijana aliyenipokea alikuwa muungwana, na naomba nilisisitize hilo. Alisoma barua yangu yote, akanikaribisha upande wake wa meza ili nione skrini. Alijaza jina la hospitali, namba ya mkataba, tarehe ya tukio, sababu. Kila kitu kilikwenda mpaka tukafika kwenye kisanduku kinachosema "wakala aliyeidhinishwa". Alikibonyeza. Orodha ikafunguka, tupu. Akabonyeza tena. Tupu. Alijaribu kuandika jina langu kwa mkono, herufi hazikuingia. Alijaribu kukiruka, fomu ikageuka nyekundu. "Kaka," akaniambia kwa sauti ya chini, "mfumo haunipitishi hapa." Aliniambia pia kwamba maneno ya mkataba yanatoka kwa kampuni kubwa ya nje inayowabebea sehemu ya hatari, na tawi lao halina ruhusa ya kubadilisha hata nukta. Alinishauri nilete ripoti ya mtengenezaji mwenyewe, labda wakubwa wake wataikubali.

Nikamwandikia mtengenezaji. Akajibu kuwa ili afungue jalada la matengenezo, kifaa lazima kiwe na leseni hai na kiwe kimehakikiwa ndani ya siku 30 zilizopita. Tableti imekufa, itahakikiwaje? Siku ya 30 ilipopita, akaunti ikabadilika kuwa "imesimamishwa". Ili irudishwe, wanataka uthibitisho kwamba kifaa kimetengenezwa na wakala wao. Wakala wao wa karibu yuko nchi mbili kutoka kwetu, na hahudumii vifaa vilivyosajiliwa nje ya eneo lake. Chetu kimesajiliwa ng'ambo, kwa anwani ya wahisani, kwa sababu nchi yetu haiko kwenye orodha.

Nilichora mchoro wa mambo haya kwenye ubao wa karakana ili nimweleze mganga mfawidhi. Mshale kutoka kwenye bima kwenda kwa wakala, kutoka kwa wakala kwenda kwenye leseni, kutoka kwenye leseni kwenda kwenye tableti, kutoka kwenye tableti kurudi kwenye bima. Aliuangalia muda mrefu, akauliza, "Sisi tuko wapi hapo?" Hatukuwemo. Kila karatasi ilikuwa imeandikwa na mtu aliyeamini kwamba kila nchi ina wakala, kila mnunuzi ana kadi, na kila kifaa kiko mtandaoni.

Imani ya namna hiyo ikishaingia kwenye programu inakuwa nzito kuliko macho ya watu. Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa Malawi. Serikali yake ilikata bima ya ukame ya msimu wa 2015/16, ikalipa ada ya karibu dola milioni 4.7. Ukame ukaja, na Aprili 2016 rais akatangaza hali ya janga. Lakini programu iliyokuwa ikikokotoa hasara ilionyesha walioathirika ni wachache, hivyo malipo hayakustahili. Ilikuja kubainika kwamba programu ilidhani wakulima walipanda mahindi ya kuchelewa kukomaa, wakati wengi walikuwa wamepanda ya muda mfupi. Baada ya ubishi mrefu kosa lilikubaliwa na dola milioni 8.1 zikalipwa, Januari 2017, watu wameshalala njaa kwa miezi. Kule dhana moja kuhusu mbegu, kwangu dhana moja kuhusu wakala. Kijana wa bima aliona boksi langu lililoungua kama vile dunia nzima ilivyoona mashamba makavu, na kisanduku bado kikakataa.

Nilingoja wiki tisa. Kisha nikafungua.

Skrubu nane, vibanio viwili. Chipu ya kuchajia ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mchele, na njia moja ya shaba imenyanyuka. Nilitoa chipu kama hiyo kwenye tableti mbovu ya idara ya kumbukumbu, nikaichomelea chini ya lenzi, nikaunga njia kwa uzi mwembamba wa waya. Dakika arobaini. Nilipiga picha kila hatua, pamoja na saa ukutani, nikidhani ukweli ulio wazi namna hiyo utamgusa mtu. Ikawaka. Bima ikajibu kwa barua ya aya mbili: kifaa kimefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, dai limekataliwa, mkataba kwa kifaa hiki umekoma.

Sidai kwamba bima haina sababu ya kuogopa. Nimewahi kukuta kidhibiti cha oksijeni kimefungwa kwa gundi na mtu aliyejiita fundi, na ningekuwa bima na mimi ningeogopa. Lakini nina cheti, nimesajiliwa, na nina daftari la matengenezo ya miaka kumi na moja. Wangeweza kukubali ripoti ya fundi aliyesajiliwa kwa hasara ndogo na kutuma mkaguzi kwa hasara kubwa.

Na mafundi wa nchi kama zetu si watu wa kubahatisha. Utafiti uliochapishwa 2010 ulichambua maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 zenye uhaba, ukakuta karibu theluthi mbili ya vifaa vingerudi kazini kwa ujuzi wa msingi tu, bila kuagiza vipuri nje. Mwingine wa 2011 ulihesabu vifaa 112,040 katika nchi 16 na kukuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini bisibisi yangu inanipa matumaini na mstatili ule mweupe unanivunja moyo. Kifaa kilichokufa kwa fyuzi nitakifufua. Kilichokufa kwa leseni sina cha kukifanyia. Mei 2020 iFixit, tovuti ya miongozo ya kutengeneza vifaa, iliweka hadharani maktaba ya miongozo ya vifaa tiba, zaidi ya 13,000, bure. Nimeitumia kwa mashine ya usingizi na kwa vifaa vya kufukiza. Nilitafuta mwongozo wa ultrasaundi yetu. Kampuni haijawahi kuutoa kwa fundi wa nje.

Kuna njia nyingine ya kuandika programu, wala si ndoto. Kumbukumbu za wagonjwa wetu ziko kwenye OpenMRS, programu huria (yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha) iliyoanza mwaka 2004. Inakaa kwenye kompyuta iliyoko ndani ya hospitali. Mtandao ukikatika wiki nzima, inaendelea. Hata bima yenyewe inaweza kuendeshwa hivyo: openIMIS, iliyotokana na mfumo uliobuniwa Tanzania na kusaidiwa na Waswisi na Wajerumani, ni programu huria ya kusimamia uanachama na madai, na nchi inayoitumia inaweza kubadilisha fomu zake. Kisanduku kile chekundu kingekuwa kwenye mfumo wa namna hiyo, mtu wa nchi yetu angeruhusiwa kukirekebisha. Na Machi 2020, dunia ilipohitaji mashine za kupumulia, kampuni ya vifaa tiba ya Medtronic ilitoa hadharani michoro ya mashine yake ya kupumulia, PB560. Inawezekana kampuni ikafungua mlango ikitaka.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaonipigia. Picha, uzito, uimara: alama 9 kati ya 10, bila kusita. Leseni: 2, na hizo mbili ni kwa sababu barua pepe hujibiwa kwa heshima. Bima tuliyoikatia: sifuri, kwa kuwa ilichukua ada ya miaka miwili kwa jambo ambalo katika nchi yetu haliwezi kutokea. Kabla ya kutia sahihi, dai kwa maandishi kifaa kinafanya nini leseni ikiisha saa saba usiku. Dai nchi yako ionekane kwenye orodha ya malipo, uione kwa macho yako, usikubali kuambiwa. Dai mwongozo wa matengenezo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu misaada ya vifaa tiba unakuunga mkono. Mwambie wa bima aandike kwenye mkataba jina la wakala anayefikika, na kama hayupo, aandike kuwa ripoti ya fundi aliyesajiliwa inatosha. Akikataa, hela ya ada nunua stabilaiza mbili na chaja ya akiba.

Kuna jambo moja linaniuma kuliko yote na sijamwambia mtu mwingine ila mganga mfawidhi. Akaunti yetu ilirudishwa. Wahisani walijaza fomu mpya, nami nikaweka sahihi kama mtumiaji, kwamba kifaa kinatumika katika nchi yao. Kifaa hakijawahi kukanyaga huko. Katika miaka kumi na moja hiyo ndiyo karatasi pekee niliyoitia sahihi nikijua si kweli, na nimeitia ili wakunga waone kondo la nyuma. Kwa sahihi hiyohiyo siwezi tena kukata bima hapa kwa haki, maana bima itauliza kimesajiliwa wapi.

Jana kimefanya kazi vizuri: wajawazito 14, mmoja amepelekwa rufaa. Uhakiki unaofuata ni Alhamisi, saa kumi alfajiri, kilimani. Leseni inaisha tena baada ya miezi mitatu na siku sita. Mkunga mkuu ameiandika tarehe yenyewe kwa kalamu nyekundu kwenye ubao wa zamu, juu ya majina ya walio zamu ya usiku.